Usihesabu Maisha Yako kwa Mabao

Nikikuuliza nani walifunga Harambee Stars walipoichapa Tanzania 3-2 kule Cairo, Juni 2019, utanijibu hata kabla sijamaliza swali: Michael Olunga mawili, Johanna Omolo moja. Haya, na mabeki wa kati walikuwa nani? Usikimbilie simu. Nipe jibu la kichwani.

Kimya, si ndiyo?

Mmoja wao alikuwa Joseph Okumu, kijana wa Kisumu aliyekuwa na miaka 22. Nafasi yenyewe ilifunguka baada ya Brian Mandela kuumia kambini kabla ya AFCON kuanza. Okumu akaingia, akafanya kazi, na muda si mrefu klabu ya Elfsborg ya Uswidi ikamsajili. Lakini sisi huku tulibaki tukiimba Olunga, Olunga.

Siwalaumu. Kazi ya beki iko hivyo. Straika anaweza kukosa nafasi nne za wazi, afunge ya tano dakika ya 90, na mtaa mzima umbebe mabegani. Beki akiokoa mara tisa halafu ateleze mara moja, hiyo moja ndiyo itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki nzima, na vibonzo juu yake. Bao linaandikwa ubaoni. Bao lililozuiwa haliandikwi popote.

Sasa nataka tuongee kuhusu wewe, kwa sababu nadhani vijana wengi wa mjini tunajipima kwa kipimo cha straika. Kila mwezi lazima kuwe na bao la kupost: kazi mpya, gari, safari ya Diani, biashara iliyozinduliwa juzi. Usipokuwa na la kuonyesha, unajiona umezubaa. Na ukilazimika kurudi hatua moja nyuma, unazima simu kabisa.

Hebu basi angalia kazi ya Okumu kwa jicho hilo la mabao, uone jinsi linavyodanganya.

Alianza kuonekana Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule kwenye mashamba ya miwa, Kaunti ya Kisumu. Kutoka hapo akaenda Afrika Kusini, Free State Stars. Ukiwa rafiki yake mtaani, hapo unasema jamaa ametoboa. Ila huko hakucheza sana. Mwaka 2018 akatua Marekani, timu inaitwa AFC Ann Arbor, jimbo la Michigan. Hiyo si ligi kubwa ya Marekani unayoijua wewe. Ni ligi ya ngazi ya chini ambayo wachezaji wake wengi ni wanafunzi wa chuo wanaotafuta pa kucheza wakati wa likizo.

Fikiria comments. Mtu ametoka ligi kuu ya Afrika Kusini, sasa anacheza na wanafunzi. Wangapi wangesema ameisha?

Lakini Ann Arbor alikuwa anacheza. Mwaka huo huo akapanda hadi Real Monarchs, timu ya pili ya Real Salt Lake. Mwaka uliofuata ikaja AFCON, kisha Elfsborg. Mwaka 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, na 2022 Gent wakachukua Kombe la Ubelgiji. Unajua fainali hiyo iliishaje? Gent na Anderlecht walimaliza dakika 120 bila bao hata moja, kombe likaamuliwa kwa penalti. Mechi ya mabeki kabisa. Mwaka 2023 Reims ya Ufaransa ikamchukua.

Na usidhani kuanzia hapo ni kupanda tu. Mei 2025, Reims walipoteza fainali ya Kombe la Ufaransa 3-0 mbele ya PSG, na siku tano baadaye Metz wakawateremsha daraja kwenye mechi ya mchujo. Hivyo ndivyo soka ya kulipwa ilivyo. Ukiwa beki, unaamka kesho yake unaenda mazoezini.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Kwenye kila harusi na kila matanga kuna shangazi atakayenishika mkono aniulize, "Na siku hizi uko wapi?" Anamaanisha ofisi gani. Ni swali la bao, na najua wewe pia huulizwa. Labda una digrii na unauza simu Luthuli Avenue. Labda ulikuwa na kazi Westlands, kampuni ikafunga, sasa unaendesha boda huku ukituma maombi usiku. Ukijibu kwa ufupi, inasikika kama umeanguka.

Swali ambalo ningependa tuulizane ni hili: unapata dakika za kucheza? Hapo ulipo, mikono yako inajifunza kitu? Unajua leo jambo ambalo hukulijua Januari? Kama jibu ni ndiyo, basi uko Ann Arbor yako, na hakuna haja ya kuzima simu.

Najua utaniambia: boss, Okumu ni mmoja, na waliopotea kwenye ligi ndogo ni wengi. Kweli kabisa. Sitakudanganya kwamba kila anayeshuka hupanda. Wapo mabeki wazuri waliovunjika goti kwenye viwanja vya vumbi na hakuna aliyewalipia hata bandeji. Ndiyo maana nasema ushuke ukiwa na sababu. Ligi ndogo si leseni ya kutumiwa bure. Ukiambiwa ufanye kazi miezi sita bila malipo "upate eksipiriensi", na kazi yenyewe ni kuchemsha chai na kupiga fotokopi, hizo si dakika za kucheza. Hapo umewekwa benchi na bado unajilipia matatu. Ondoka.

Kuna jambo lingine ambalo mabeki wanalijua na sisi tunalisahau: kazi yao hukomaa polepole. Mbrazili Thiago Silva alishinda Ligi ya Mabingwa na Chelsea mwaka 2021 akiwa na miaka 36, na alikaa klabu hiyo mpaka akafika 39. Mbio zilikuwa zimepungua, lakini alikuwa ameona mashambulizi mengi kiasi cha kujua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Ujuzi kama huo huwezi kuupata ukiwa na miaka 21, hata uwe na kipaji namna gani. Unaupata kwa kucheza, kukosea, kupigwa chenga na kurudi tena Jumamosi inayofuata.

Kwa hiyo ukiwa na miaka 24 na unahisi umechelewa, kumbuka unajilinganisha na mastraika. Mwaka 2027 AFCON imepangwa kuchezwa hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka huo Okumu atatimiza miaka 30, umri ambao beki wa kati bado yuko kwenye ubora wake. Akivaa jezi hiyo nyumbani Kasarani, nakuomba kitu kimoja. Mechi ikiwa 0-0, zimebaki dakika kumi, na kila mtu kwenye kibanda anapiga kelele bao liingie, wewe mtazame yule wa nyuma anayewapanga wenzake kwa mkono.

Halafu Jumatatu, ukiulizwa umefika wapi, wajibu kwamba bado unacheza.