Bukavu: kabla ya kununua gari la zamani la mbio, angalia karatasi kwanza

Vijana wengi wa Bukavu wanapenda gari la mbio la zamani, lile la milango miwili, la chini na lenye mlio mkali. Lakini tangu AFC/M23 ichukue mji katikati ya Februari 2025, anayenunua gari la namna hiyo anakutana na shida mbili: injini na karatasi. Hii ya pili ndiyo inaweza kummalizia akiba yote.

Serikali ya Kinshasa haitambui utawala wa waasi. Gari lililolipiwa duane Ruzizi baada ya mji kuchukuliwa lina stakabadhi ambayo inaweza kukataliwa siku mwenyewe atakapovuka upande wa serikali, au siku utawala utakapobadilika. Mnunuzi aombe karatasi ya duane na carte rose, kisha alinganishe namba ya shasi na ile iliyochongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Akikuta namba imekwaruzwa au pale pamechomelewa upya, aache, hata kama muuzaji anashusha bei. Benki nazo zilifunga milango wakati ule, fedha ikaanza kupita mkononi. Bila hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi, dola hizo hazina alama popote.

Kuhusu aina, Toyota Celica ina nafuu. Ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, lakini si sifa hiyo inayosaidia hapa. Celica nyingi zilizotengenezwa kati ya 1985 na 1999 zina injini za familia ya 3S, sawa na RAV4 ya kwanza, kwa hiyo fundi anayeijua RAV4 hataanza gizani, na baadhi ya vipuri vinaingiliana. Vioo, taa na vipande vya bodi havina msaada huo. Mazda RX-7 ni habari nyingine kabisa: injini yake ya kuzunguka haina pistoni, inakula oili kwa asili yake, na inahitaji fundi aliyeizoea.

Gari kutoka Japani lina usukani kulia, na Congo tunaendesha upande wa kulia. Dereva anayetaka kupita lori haoni mbele mpaka nusu ya gari itokeze. Kwenye barabara ya Uvira, pale Ngomo, hilo si jambo dogo.

Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani litakula esansi nyingi na kutoa moshi mweusi mpaka fundi alirekebishe upya. Maji ya freni yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu na kuchemka kwenye mteremko mrefu. Pine pia zina umri: tarakimu nne za mwisho baada ya alama ya DOT, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine inaweza kuonekana mpya na bado imekauka.

Kwenye avenue Lumumba gari lolote linaonekana zuri. Lipandishwe Kadutu, lizimwe, lipoe, liwashwe tena, halafu mtu ainame kuangalia kama kuna kutu chini ya milango. Rangi mpya mahali hapo ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahi.