Vijitufe Visikabidhiwe Mfuko wa Misiba



Kuna pendekezo linalozunguka katika jumuiya zetu hapa Durban, na tunadhani ndugu zetu wa miji mingine ya ughaibuni wamekwisha kulisikia kwa sura nyingine. Pendekezo ni kwamba programu ya simu tunayokusanyia michango ya misiba iongezewe vijitufe. Badala ya mtu kufungua ukurasa wa mchango, kuandika kiasi na kuthibitisha, akifungua tu programu akute chini ya jina la marehemu safu ya vitufe vidogo: Changa R50, Changa R100, Changa R500. Ukigusa kimoja, kazi imekwisha. Vijana waliolileta wanasema ni la kisasa, halili nafasi kwenye kioo cha simu, na litaongeza michango.

Sisi tunalipinga. Tuelewane tangu mwanzo: hatupingi vijitufe. Tumevitumia na tutavitumia. Tunachopinga ni kuvipa kazi ya kutoa pesa za watu. Hoja yetu ni moja tu: kitufe kidogo kipewe jambo linaloweza kurudishwa, jambo lisilorudi lipewe nafasi, maneno na muda.

Tuanze na haki ya vijitufe vyenyewe. Mtu anayetaka kuona michango ya mwezi huu tu, au misiba ya Bukavu tu, au majina ya walioahidi bila ya waliolipa, kijitufe kinamfaa sana. Anagusa, orodha inajichuja. Anagusa tena, orodha inarudi ilivyokuwa. Hata kuchagua lugha, Kiswahili au Kizulu au Kifaransa, kijitufe kinatosha. Akikosea, hakuna kilichopotea ila sekunde mbili. Hapo vijana wetu wako sahihi na tunawapongeza.

Lakini udogo una bei yake, na bei hiyo imejulikana siku nyingi. Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na ya mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda zaidi kuifikia. Anayeharakisha hukosea. Ndiyo maana Google huwaelekeza watengenezaji wa programu kwamba eneo la kuguswa lisipungue vizio 48, yaani kama milimita 9, na Apple nao wana kipimo chao cha pointi 44. Hivyo vijitufe, katika mwongozo huohuo wa Google, huchorwa kwa kimo cha vizio 32. Kinachoonekana ni kidogo kuliko kidole kinachokigusa, na vikipangwa vitatu bega kwa bega, R100 inakuwa jirani wa karibu mno wa R500.

Sasa mchukueni mama mmoja wa jumuiya yetu, amekaa kiti cha nyuma cha teksi ya abiria, ambayo kwetu tungeiita daladala au matatu. Jua la Januari la Durban, jasho mkononi, gari linaruka matuta, simu ina kioo kilichopasuka. Taarifa ya msiba inaingia. Anataka kuchanga R50. Je, mnaamini kidole gumba chake kitatua pale mlipopachora ofisini?

Na ndani ya teksi hiyohiyo kuna funzo. Nauli hapa hupita mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi mbele. Anayetoa hutamka ni ya watu wangapi, aliyekaa mbele huhesabu, chenji hurudi kwa njia ileile. Ni utaratibu wa polepole, lakini kila senti imetamkwa na imeonwa na macho kadhaa kabla haijafika kwa dereva, na ukikosea unasahihishwa palepale. Kijitufe kinaondoa kutamka, kinaondoa macho ya pili, na kinaondoa nafasi ya kusema, "Samahani, nilikuwa namaanisha nyingine."

Wapo watakaosema kwamba makosa ya namna hii ni ya wazee wasiojua simu. Si kweli. Mwezi Agosti 2020, benki kubwa ya Marekani, Citibank, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya kama dola milioni 7.8. Katika programu yao kulikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama, na vyote vitatu vilihitajika ili sehemu kubwa ya fedha isitoke nje ya benki. Kilitiwa alama kimoja. Watu watatu walipitisha malipo hayo wakiamini yako sawa. Zikatoka karibu dola milioni 900. Baadhi ya waliopokea walirudisha, wengine wakakataa kurudisha kama dola milioni 500. Mwaka 2021 jaji akawapa haki waliokataa, na ni Septemba 2022 tu mahakama ya rufaa ilipoutengua uamuzi huo. Benki ilikuwa na mawakili na ilikuwa na miaka miwili ya kusubiri. Mama wa kwenye teksi hana vyote viwili.

Tena yapo makosa yanayopandwa kwa makusudi. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, watengenezaji wa mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Mojawapo ya malalamiko ya Tume lilikuwa kwamba mpangilio wa vitufe ulikuwa wa kuchanganya, na kwamba mchezaji aliweza kutozwa pesa kwa mguso mmoja tu. Hatusemi vijana wetu wana nia hiyo. Tunasema chombo ni kilekile, na chombo hakijui nia ya aliyekichora.

Benki hurudishiana kwa mahakama, wateja wa michezo hurudishiwa kwa amri ya serikali. Je, sisi? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Tuseme baba mmoja, mlinzi wa usiku, amegusa R500 badala ya R50, na hizo R500 zilikuwa kodi ya chumba. Atafanya nini? Ampigie simu mweka hazina wakati maiti bado ipo hospitalini na wafiwa wamekaa kwenye mkeka? Aseme, "Nirudishieni pesa yangu ya msiba"? Kwa mila zetu hilo halisemeki. Atanyamaza, atakopa kodi, na msiba ujao hataifungua tena programu. Hata kama mtaalamu ataweka njia ya kurudisha pesa, aibu itakuwa imeifunga njia hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya msibani hata kuyatazama ni haramu.

Wote tunajua mfuko huu unabeba nini. Kumsafirisha marehemu kutoka Durban hadi Dar es Salaam, Mombasa au Goma ni mzigo unaozishinda familia nyingi zikiwa peke yake. Mfuko unasimama kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba kilichotoka mfukoni mwake kilitoka kwa hiari yake na kwa kiasi alichokitaka. Imani hiyo ikipungua, hakuna toleo jipya la programu litakaloirejesha.

Kuna hoja ya upande wa pili tunayoiheshimu: watu wanapenda wepesi, na ukiwawekea hatua tatu wataacha kuchanga. Tujibu kwa mfano unaojulikana na kila msomaji. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, kwenye simu za kitochi, kwa menyu ya maandishi. Chagua kutuma pesa, andika namba, andika kiasi, andika namba ya siri, thibitisha. Hakuna kijitufe hata kimoja, na watu wengi wa Afrika Mashariki wakaingia. Zaidi ya hapo, Safaricom baadaye waliongeza kituo kingine njiani: jina la mpokeaji linaonyeshwa na mtumaji anapewa sekunde chache za kusitisha. Waliongeza ucheleweshaji, na watu wakashukuru. Hapa Afrika Kusini, Vodacom walianzisha M-Pesa mwaka 2010 na kuifunga mwaka 2016, katika nchi ambayo watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki. Kilichoamua huku na kule ni haja na imani za watu. Idadi ya miguso haikuwa na neno.

Jambo la mwisho ni lugha, na hili linatuuma kama Waswahili. Kijitufe hakina nafasi ya maneno, kwa hiyo kinalazimisha neno moja. "Changa R100." Maana yake nini? Katika mila zetu za michango kuna mambo mawili tofauti kabisa: kuahidi na kulipa. Mtu husimama kwenye kikao akasema nitatoa mia, kisha akaleta mwisho wa mwezi, na hakuna anayemwona mwongo. Kiswahili kimetupa uwezo wa kutenganisha mambo hayo kwa silabi chache: nitachanga, nachanga, nimechanga. Kijitufe kimeinyoa nafsi, kimeunyoa wakati, kimeacha mzizi mtupu. Aliyedhani anaahidi amekwisha kukatwa pesa. Sababu ni kwamba vijitufe hivi vimechorwa kwanza kwa lugha nyingine, kisha neno letu likakatwa lienee kwenye kiboksi cha wenyewe.

Basi tunapendekeza hivi. Kwanza, vijitufe viwekwe kwenye kuchuja orodha, kuchagua lugha na kutafuta majina, visiguse pesa. Pili, ahadi na malipo viwe kurasa mbili, kila moja na kitufe kipana kinachojaza kioo, chenye sentensi kamili: "Naahidi kuchanga" na "Nalipa sasa". Tatu, kiasi kiandikwe na mchangaji mwenyewe, kisha kionyeshwe kwa tarakimu na kwa maneno pamoja na jina la marehemu. Kusiwe na kiasi kilichochaguliwa tayari, maana hiyo ni njia ya kumwaibisha mwenye kidogo. Nne, baada ya kuthibitisha, pesa isubiri nusu dakika huku kitufe cha "Sitisha" kikiwa wazi. Gmail wanatupa sekunde kadhaa za kuirudisha barua iliyokwisha kutumwa. Pesa ya msiba haistahili heshima ndogo kuliko barua. Tano, kabla ya toleo lolote kutoka, lijaribiwe na wazee watatu ndani ya teksi inayotembea. Wakikosea, aliyekosea ni mchoraji.

Vijana wetu, mmesoma kuliko sisi na mikono yenu ni myepesi. Tunawaomba wepesi huo muutumie pale ambapo kukosea hakumuumizi mtu. Mfuko wa misiba si mahali pake.

Tunaomba kutoa hoja.