Ufa si Uchafu

Mwanafunzi mmoja wa hapa Busia aliniletea senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando ya tundu. Alipewa na nyanya yake. Mstari mwembamba ulitoka tunduni ukafika ukingoni. Mwenzake alimwambia, "Imepasuka, itupe." Mchuuzi mmoja sokoni akamwapia ya kuwa mstari ule ni mali ya kujengea nyumba ya mawe. Naye mwenyewe, akitaka ing'ae kabla ya kuiuza, akaisugua kwa mchanga na ndimu. Nasema pasipo kusitasita kwamba wote watatu walikosa, na kosa la huyo wa tatu ndilo kubwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Sarafu hupigwa katikati ya vyuma viwili vigumu vilivyochorwa kinyume. Kila kimoja nakiita chapa. Chapa moja hupiga sarafu maelfu kwa maelfu, na mwisho chuma huchoka kikaingia ufa. Shaba ikibanwa huingia katika ufa ule. Basi palipo na bonde katika chapa huota kilima katika sarafu. Kwa hiyo mstari wa ufa huo umeinuka, lakini mkwaruzo wa kisu umezama. Iinamishe sarafu penye mwanga wa dirisha, uitazame kwa kioo cha kukuzia, nawe utaamua mwenyewe. Tena ufa wa chuma hurefuka wala haujifungi. Ukipata sarafu tatu za chapa ile ile, yenye ufa mrefu kuliko zote ndiyo iliyopigwa mwisho.

Ziko pia tofauti ambazo si za uzee wa chapa bali za kuzaliwa kwake. Chapa iliyoundwa ikiwa na herufi iliyorudufika huirudufisha katika kila sarafu inayoipiga. Zitazame na herufi ndogo za viwanda: H ni ya Heaton wa Birmingham, I ni ya Bombay, SA ni ya Pretoria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, fedha yetu ilipigwa hata Bombay na Pretoria, na herufi hizo ndizo shahidi.

Wako watakaouliza: mtoto wa mkulima ana haja gani na nyufa za chuma? Nawajibu kwa swali. Leo mtu akivuka Busia au Malaba hutafuta mbadilishaji fedha, atoe shilingi za Kenya apewe za Uganda. Je, wangapi kati yenu wajua kwamba tangu 1921 shilingi moja ya Afrika Mashariki ilitumika pande zote mbili za mpaka huu, mpaka nchi zetu zilipoanza kutoa fedha zake zenyewe mwaka 1966? Shilingi ya 1946 humwita Mfalme George wa Sita mtawala wa India pia. Ile ya 1948 imelifuta jina hilo, kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947. Habari hizo zimo mfukoni mwa nyanya zetu, nasi twazitafuta vitabuni tu.

Na huyo mchuuzi je? Nyufa nyingi za chapa haziongezi bei ya sarafu hata kidogo. Anayekutajia utajiri bila ya kuitazama sarafu yenyewe hakufundishi, anakutega. Lakini aliyejifunza kuutambua ufa hadanganywi na anayesifu, wala na anayedharau, kwa maana huuliza kwanza: mstari huu umeinuka au umezama?

Senti ile haikuweza kunijibu swali hilo. Mchanga ulikuwa umekisawazisha kile kilima, ukaacha mikwaruzo isiyohesabika. Hata mnunuzi wa haki asingeitaka tena, kwani wakusanyao sarafu huzikimbia zilizosuguliwa. Kijana alidhani anaondoa uchafu, kumbe alifuta ushahidi.

Basi, vijana, mkipewa sarafu kuukuu, msiisugue. Ishikeni kwa ukingo, itieni katika karatasi kavu, muulizeni aliyewapa ilimfikiaje, mkaandike jibu lake. Sarafu itangoja, nyanya hatangoja milele.