Mwani si Mmea: Ngeli za Bahari na Wajibu wa Mwanaisimu

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeiva katika sarufi hahadaiki na kiambishi. Anafahamu fika kwamba kifaru na kiboko, licha ya kuanza kwa ki-, hawamo katika ngeli moja na kiti na kikombe. Husemwa kifaru amelala, wala si kifaru kimelala. Kinachoamua ni upatanisho wa kisarufi, si sura ya neno. Ajabu ni kwamba msomi huyohuyo, akiulizwa mwani ni nini, aghalabu hujibu bila kusita kuwa ni mmea wa baharini. Papo hapo amelirudia kosa alilolikataa darasani, la kuainisha kwa umbo la nje.

Kosa hilo lina historia ndefu. Linnaeus, katika uainishaji wake wa mwaka 1753, aliiweka miani miongoni mwa mimea isiyotoa maua. Mnamo 1836, William Henry Harvey aliigawa kwa rangi: myekundu, ya kahawia na ya kijani. Mgawanyo huo ungali unatumika, lakini uchunguzi wa seli na jeni umebainisha kwamba nyuma ya rangi hizo kuna nasaba zinazotofautiana mno. Mwani wa kijani ndio ulio jamaa wa karibu wa mimea ya nchi kavu. Una klorofili a na b, na huhifadhi wanga ndani ya kloroplasti. Mwani mwekundu ni jamaa wa mbali zaidi, nao huweka wanga wake nje ya kloroplasti. Mwani wa kahawia, mathalani Sargassum, ni wa ukoo mwingine kabisa: ndugu zake ni daiatomu, viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho matupu.

Mkanganyiko hauishii hapo. Kile kinachoitwa mwani wa buluu-kijani, kama Arthrospira ambayo heroe wadogo huila katika Ziwa Bogoria, ni bakteria. Seli zake hazina kiini. Kinyume chake, nyasi za baharini, ambazo mpita njia huzijumuisha na mwani, zina mizizi, maua na mbegu. Hizo ndizo mimea kwa haki.

Yamkini atatokea mtu wa kudai kwamba haya ni ya wanabiolojia, na kwamba mkulima wa Kibuyuni au Paje hayahitaji. Dai hilo halina mashiko. Tangu kilimo cha mwani cha kibiashara kianze Zanzibar mwaka 1989, wakulima, wengi wao wanawake, wamelazimika kutofautisha spinosum na cottonii. Yote miwili ni mwani mwekundu, ingawa shambani huweza kuonekana ya kijani au ya kahawia. Cottonii hutoa karajinani ya kuganda kwa ugumu, na bei yake ni ya juu; spinosum hutoa iliyo laini, na bei yake ni ya chini, lakini hustahimili zaidi joto la maji. Kwa mkulima, basi, uainishaji ni suala la riziki. Kinachomponza ni kuachiwa majina ya kigeni ya sokoni, ilhali lugha yake imempa neno moja tu la kubeba yote.

Hapa ndipo wajibu wa mwanaisimu ulipo. Hakuna haja ya kuiondoa nomino mwani katika ngeli ya U-I, iliko pamoja na mti na mkoko. Ngeli za sarufi hazidai kuwa ngeli za baiolojia. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili. Kamusi ziueleze mwani kuwa kiumbe cha majini kinachojitengenezea chakula kwa mwanga, kisicho na mizizi wala maua. Kisha istilahi zitenganishwe: mwani mwekundu, mwani wa kahawia, mwani wa kijani, bakteria wa buluu-kijani na nyasi za baharini. Maneno haya hayana ugeni wowote. Yanangoja kukubaliwa na kufundishwa.

Lugha inayodai kufaa kufundishia sayansi haiwezi kuridhika na fasili za karne ya 18. Usione vyaelea, vimeundwa. Istilahi nazo haziibuki zenyewe. Huundwa na wenye lugha.