Msituni Hakuna Shahidi

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la Mangobo, mhubiri alituambia tuhame. Anayetafuta uhuru, alisema, auache mji wa Kisangani arudi msituni kwa mababu. Serikali inakaa mjini, kodi zinakaa mjini, polisi anayenyoosha mkono barabarani anakaa mjini. Kijijini mtu ni mfalme wa shamba lake. Kisha akaleta hoja aliyoiona kubwa kuliko zote: hata Wamarekani wenyewe wanaikimbia miji yao na kuhamia Wyoming, Idaho na Montana, kwenye milima na ng'ombe, ili serikali yao isiwafikie. Watu walipiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alisimama akapunga kitambaa.

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira haijapoa hata sasa. Fundisho hili silisikii kanisani tu. Nalisikia kwa walimu waliochoka kungoja mshahara, kwa vijana wa pikipiki wanaosimamishwa mara tatu kabla ya saa sita mchana, kwa wanafunzi wa chuo kikuu chetu, UNIKIS, wanaoongea juu ya msitu kama watu ambao hawajawahi kulala humo wakiwa na homa. Wote wana sababu ya kuchoka. Lakini dawa wanayoitaja ni sumu.

Serikali haikomi pale lami inapokoma. Inaendelea mbele, ila inaacha nyuma kila kinachoibana: redio, wakili, mwandishi wa habari, padri, mama wa jirani mwenye mdomo mkali. Mkono wake kijijini ni uleule wa mjini. Kinachopungua huko ni macho yanayouangalia. Mtu anayesema amekwenda msituni kutafuta uhuru amekwenda mahali ambapo atakayemdhulumu hataonwa na yeyote.

Mjomba wangu alifanya hivyo hasa mhubiri anavyotaka. Alikuwa mtu wa kiwandani. Kazi ilipozorota aliuza friji na vitanda, akavuka mto Kongo kwenda ukingo wa kushoto, akaifuata njia hadi kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Alilima mpunga na mihogo, akafuga mbuzi. Mwaka wa kwanza alikuwa akipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, anatupigia simu kutuambia kwamba hatimaye amepumzika. Halafu akagombana na mtoto wa shefu juu ya mpaka wa shamba. Hakuitwa kwa karatasi, hakupelekwa mbele ya hakimu. Walikuja wanaume watatu, mmoja kavaa suruali ya kijeshi na kandambili, wakamtia kasho. Kasho yenyewe ilikuwa shimo lililofunikwa kwa magogo, na usiku ule mvua ilinyesha. Alitolewa kwa mbuzi wawili, gunia la mpunga na bidoni ya pombe ya lotoko. Alipoomba risiti, maana kiwandani alizoea karatasi, alipewa kipande kilichochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, chenye muhuri wa zambarau katikati. Hakina jina, hakina kosa, hakina hata tarakimu moja. Karatasi hiyo ninayo.

Muda si mrefu baadaye, kwenye avenue yetu hapa mjini, kijana wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alikamatwa usiku kwa kosa la kubuni. Kabla jua halijawa kali, akina mama walikuwa wamejaa mbele ya kituo, wanagonga sufuria, wanataja jina la kijana na jina la aliyemkamata. Mmoja alikwisha kumpigia mtoto wa dada yake anayefanya kazi redioni. Adhuhuri kijana alikuwa nyumbani anakula sombe. Nchi ni ileile, sheria ni ileile, na sidhani kama polisi wetu wana roho nzuri kuliko wale watu wa shimoni. Mjomba wangu alikosa wale akina mama, basi.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri, ndiyo maana walitembea kuelekea mjini. Anayedhani kijiji cha zamani kilikuwa makao ya watu huru asome habari za kilimo cha lazima. Kuanzia 1917 Wabelgiji waliwalazimisha wanavijiji kulima walichotaka wao: pamba kaskazini, mpunga katika nchi yetu hii. Amri ya 1933 iliweka siku 60 za kazi ya namna hiyo kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa hadi 120. Aliyeshindwa alionja kiboko au gereza, na msimamizi wa yote hayo alikuwa shefu wa kijiji. Ili kutoka huko ulihitaji kibali. Kama kijiji kingekuwa uhuru, mkoloni asingehitaji karatasi ya kuwazuia watu wasikitoke. Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, nayo ilikuwa na kafyu zake na matusi yake, lakini watu walikuja. Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, kwa sababu mjini shefu hakuwa na mkono wa kuwafikia.

Lumumba naye alizaliwa kijijini, Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Hakubaki Onalua kuwa mfalme wa shamba. Alikuja hapa mwaka 1944, akawa karani wa posta, akaandika magazetini, akaunda vyama, akajifunza kusimama mbele ya watu. Alipokamatwa baada ya ghasia za Oktoba 1959, habari zilifika Brussels, na kelele za watu zikamtoa gerezani hadi kwenye meza ya mazungumzo mwanzoni mwa 1960. Angekamatwa kichakani, ni nani angepiga kelele?

Wapo waliokwenda msituni kwa imani ya kweli, na hao siwezi kuwadharau. Nawataja watu wa dini ya Kitawala. Serikali ya kikoloni iliwafukuza Katanga na kuwatupa mbali, wengine huku kwetu, na kule walikotupwa ndiko imani yao ilikoota mizizi. Mwaka 1944 waliinuka kati ya Lubutu na Masisi, wakiongozwa na Bushiri, wamechoka na kazi za kulazimishwa, na wakazimwa kwa bunduki. Baada ya uhuru wako waliojitenga kabisa katika misitu ya Tshopo: hawalipi kodi, hawapigi kura, hawabebi kitambulisho, hospitali hawaitaki. Hao ndio waliojaribu kwa dhati kile ambacho mhubiri wetu anakisema akiwa ameshika maikrofoni. Na wamepata nini? Kila utawala uliopita umewashuku kuwa waasi, na askari walipotumwa kwao, habari ilitufikia imechelewa na imepindwa, ikisimuliwa na waliokwenda kupiga. Upande wao wa kisa haukuwa na msemaji. Watoto wao wanakufa kwa surua na hawaandikwi popote. Ujasiri wao ni mkubwa, na ndio unaonipa uchungu zaidi, kwa sababu umetumika kujenga mahali ambapo mtu anaweza kufanyiwa lolote.

Sasa Wamarekani. Mhubiri alisikia nusu ya habari akaja nayo madhabahuni. Ni kweli wako wanaohamia Wyoming na Idaho wakitafuta uhuru. Wyoming ni kubwa kuliko Tshopo, na watu wake hawafiki 600,000. Mji wetu peke yake unawazidi. Lakini yule Mmarekani anapohama anaondoka na mahakama yake, simu yake, bima yake na barabara yake ya lami. Wyoming ina wilaya 23, na mkuu wa polisi wa kila wilaya anachaguliwa kwa kura. Akimwonea mtu, uchaguzi ujao ananyimwa kura. Karibu nusu ya ardhi ya jimbo hilo ni mali ya serikali kuu ya Washington, ile ile wanayosema wameikimbia. Kwetu je? Administrata wa teritwari anateuliwa, shefu anarithi kiti. Tangu katiba ya 2006 watu wa vijijini hawajawahi hata mara moja kupiga kura ya kuchagua baraza la sekta yao. Desemba 2023 komuni za miji mikuu ya majimbo, kama hizi zetu, zilipata kura yao. Kijiji kikaambiwa kingoje. Basi uhuru upi huo, wa kukaa chini ya mtu ambaye hukumchagua na huwezi kumwondoa?

Na hata kule kwao kuna mahali walipojaribu kuiondoa serikali kabisa. Mwaka 2004 kundi la watu lilihamia Grafton, mji mdogo wa New Hampshire, wakiazimia kuufanya mji wa watu huru. Walikata bajeti ya mji. Hakukuwa tena na wa kumwambia mtu namna ya kutunza takataka zake, wengine wakawalisha dubu kwa makusudi, na mwaka 2012 dubu mmoja alimshambulia mwanamke nyumbani kwake. Hii mhubiri hakuisema. Wala hakusema kwamba Wakongo wenzetu waliofika Idaho kama wakimbizi wanakaa Boise na Twin Falls, mjini, karibu na shule, zahanati na ofisi zinazofunguliwa asubuhi.

Rudini kwetu, tazameni vita. Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa maelfu ya makombora. Mamia ya raia walikufa. Wengine tuliwazika kwenye viwanja vya nyumba zao. Lakini mji uliona. Mapadri waliandika, madaktari waliandika, redio zilisema, familia zilitunza majina. Kwa hiyo Kongo iliweza kuyaonyesha hayo mbele ya mahakama ya The Hague, mwaka 2005 Uganda ikaonekana ina hatia, na Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Leo fedha hizo tunazigombania hapa hapa mjini, na namna zinavyosimamiwa ni aibu ambayo nitaiandikia siku yake. Hata hivyo ipo faili, na wamo watu ndani yake.

Miaka mitatu kabla ya vita hivyo, Aprili 1997, kando ya reli ya Ubundu, wakimbizi wa Rwanda waliuawa Kasese, kilomita 25 kutoka hapa, na Biaro, kilomita 41. Njia ilifungwa. Waandishi wa habari na watu wa misaada walizuiwa, mashimo yakafukiwa. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yake mwaka 2010, miaka 13 baadaye, na hadi leo waliokufa kule hawana hesabu wala majina. Kutoka mjini hadi Kasese ni mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Umbali huo mdogo ulitosha kuwapoteza maelfu ya watu.

Baada ya ibada nilimwambia mzee mmoja wa kanisa haya yote. Alinijibu kwamba kijijini angalau hakuna anayekuuliza kadi. Nililisikia jibu hili nikakosa pumzi. Hiyo ndiyo faida? Kwamba hakuna anayejua jina lako? Basi hata siku utakapotoweka hakuna atakayejua nani ametoweka. Ng'ombe naye haulizwi kadi, na anachinjwa siku mwenye kisu anapotaka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaita hiyo hoja.

Na jambo jingine linanikera. Wahubiri hawa wanaowatuma watu msituni wanajenga Makiso, katikati ya mji. Paseli zao zina ukuta, tangi la maji, na jenereta ya kungurumia jirani SNEL inapokata umeme. Wakiugua hawaendi Opala kule msituni, wanapanda ndege kwenda Kinshasa. Nao wanajua kwamba mto huu hauna daraja hadi leo, kwamba mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa Lubunga, ng'ambo ya mto, usiku anategemea mtumbwi na huruma ya mwenye kasia. Mimbari yenye vipaza sauti vikubwa namna ile ingeweza kulidai daraja hilo kila Jumapili hadi gavana akose usingizi. Badala yake inawaambia watu wavuke na wasirudi.

Nasema haya kwa sababu najua walipo waliorudi. Februari 2023 makabila ya Wambole na Walengola yalianza kuuana kwa sababu ya ardhi, kuanzia Lubunga hadi ndani ya teritwari ya Ubundu. Watu wenye mashamba, wafalme hao hao wa mahubiri, walikimbia nyumba zikiwaka moto nyuma yao, na walikimbilia mjini. Walilala madarasani, makanisani, kwenye turubai. Nilizungumza na mwanamke mmoja aliyevuka na watoto wake na mtungi wa plastiki wenye mbegu za mpunga, kitu pekee alichowahi kukibeba. Nilimuuliza kwa nini hakujificha ndani zaidi msituni, maana msitu anaujua tangu utoto. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali, akaniambia mume wake ndiye aliyejificha ndani zaidi, na hadi siku ile hajapata mtu wa kumwonyesha alipoangukia.