Wanakwenda Mwanza kupiga filamu, shangazi yangu anauliza

Najua nimepotea, msininunie. Huku Stockholm ndiyo ule msimu wetu wa giza, Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na mtu ukitoka kazini unachotaka ni chai na blanketi tu. Ila wiki hizi kila Jumanne jioni nina shughuli, na imenikaa rohoni, ndiyo maana nimerudi hapa kuandika.

Kuna kikundi cha watu tisa wanajiandaa kwenda Mwanza mwezi wa pili kupiga filamu kuhusu dagaa wa Ziwa Victoria. Siyo maigizo, ni filamu ya maisha ya watu kama yalivyo. Wenyewe si kampuni. Ni studiecirkel, yaani watu wanaokutana jioni kujifunza jambo pamoja, kitu ambacho Waswidi wanakipenda kama sisi tunavyopenda kijiwe. Yupo mwalimu mstaafu, yupo nesi, wapo vijana wawili waliosomea kamera. Watu wazuri kabisa. Waliniita niwafundishe Kiswahili cha kuombea maji. Waliposikia kwetu ni Mwanza, nikapandishwa cheo palepale nikawa mshauri.

Sasa jamani, Mswidi akijiandaa, amejiandaa! Ukutani wamebandika jedwali refu kama mkeka. Betri za akiba za kamera wanajua haziwekwi kwenye mzigo wa chini, unapanda nazo mwenyewe, na zile kubwa kupita wati-saa 100 lazima shirika la ndege liridhie kwanza. Dawa za malaria zimo. Manyoya ya kuzuia upepo kwenye maikrofoni yamo. Kibali nacho wamekisoma kuliko mimi: wanajua habari ya Bodi ya Filamu, sheria ya mwaka 1976, na kwamba mwaka 2019 sheria hiyo iliongezwa masharti kwa wageni wanaokuja kupiga picha, likiwemo la kukabidhi nakala ya walichopiga. Droni wanajua ina mlolongo wake wa vibali. Mimi nimeongeza kitu kimoja tu. Nilikuta wamezifunga kamera kwa mifuko ya plastiki, nikawaambia mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, tafuteni ya kitambaa. Wakaandika kwenye jedwali. Nikajiona mtaalamu kweli.

Jumanne ya tatu nikawauliza swali dogo. Mama yuko Mwaloni, Kirumba, na dagaa wake. Umemwelekezea kamera. Anakuuliza, "Mnapiga ya nini, na mimi nitaiona lini?" Utamjibu nini?

Kimya.

Baadaye mmoja akasema watakuwa na fomu ya ridhaa, kila mtu atatia sahihi. Fomu ipo, nimeiona. Kurasa mbili, za Kiingereza.

Mimi nasema hivi, na mtakaobisha mbishe: fomu ile inamlinda mwenye kamera. Mama wa dagaa haimsaidii kitu. Na sisi watu wa Mwanza jambo hili tuna historia nalo. Wa rika langu mnaikumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka 2004. Sangara, ndege za mizigo, mapanki. Ulaya ikasifiwa, ikateuliwa kuwania Oscar ya 2006. Nyumbani mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani, Mwanza watu wakaandamana kuipinga, na mwandishi wa habari wa palepale aliyezungumza ndani ya filamu akaandamwa na wakubwa. Sitaki tuanze tena ule ubishi wa kama ilisema kweli au uongo. Kuna mambo mle nayafahamu kwa macho yangu, na kuna mengine watu wa Mwanza wangeyaeleza tofauti kama wangeulizwa. Lakini mwenye filamu alikuwa kwao. Aliyeandamwa ni yule aliyekuwa na nyumba Mwanza.

Mimi nilikuwa tayari huku. Kazini wakaniuliza kama ni kweli kwetu tunakula mifupa ya samaki. Nikawaambia ndiyo, na supu yake tamu. Wakanitazama kwa huruma fulani ambayo mpaka leo ikinijia inaniudhi.

Turudi kwa hawa tisa. Wameniomba niwaunganishe na shangazi yangu, ana miaka mingi kwenye biashara ya dagaa. Nikampigia Jumapili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi haijakuua?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, si kawaida yake. Kisha akasema, "Waje, nitawapikia. Lakini ile ya sangara tulisikia tu kwamba tumo, tukagombana humu kwa ajili yake, na mimi sijaiona hata leo. Hii nayo nitaisikia redioni?"

Nikakosa la kusema. Na hebu fikirini: kwa sheria ile serikali inakabidhiwa nakala. Shangazi hakuna aliyefikiria kumpa hata moja.

Nilipofikisha swali lake, mwalimu mstaafu alinijibu vizuri, nikiri. Akasema ukiwaonyesha watu filamu kabla haijatoka, kila mmoja atataka kipande chake kikatwe, na itabaki filamu ya kuwasifia wote. Ana hoja. Sijasema shangazi ndiye akate. Nasema aelezwe kwa Kiswahili kabla kamera haijawashwa, na ikikamilika aione yeye kwanza, Kirumba, hata kwa projekta na shuka lililotundikwa ukutani, ndipo watu wa Stockholm waione. Kama kuna kitu kitamletea balaa na majirani, atasema mapema, nao waamue wakijua.

Hilo lina gharama: manukuu ya Kiswahili, fomu itafsiriwe (hiyo nafanya bure), na tiketi ya mtu mmoja kurudi Mwanza na filamu. Wakapiga hesabu. Fedha inatosha ama hayo, ama droni.

Wanapiga kura Jumanne ijayo. Nesi yuko upande wangu, mwalimu bado anafikiri, vijana wa kamera wanataka droni yao, wanasema ziwa bila kupigwa kutoka juu haliwi ziwa. Nimewaambia droni ikishinda waende salama, Kiswahili nitaendelea kuwafundisha, ila namba ya shangazi siitoi. Nitawajuza.