Emali Wikendi: Choma Iko, Lakini Hiyo Barabara Mpya Je?

Jumamosi jioni Emali huwa imeshona. Matrela yamepaki kando ya Mombasa Road, mbuzi iko kwa makaa, muthokoi iko kwa sufuria, DJ anatesti spika. Lakini wasee, nani hulipa hizi bili? Si wenyeji peke yao. Ni madere, wasafiri wa Loitokitok, na wale hushukia SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017.

Sasa kuna mpango wa Usahihi, barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi Mombasa. Iko poa kwa mwenye haraka. Lakini gari isiposimama, mchoma nyama atauzia nani? Emali isiitishe fidia ya mashamba pekee. Iitishe pia njia ya kuingilia mtaani.